Mlango Ulioandikwa Masijala

Vijana wangu, sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, wala mfalme mwenye binti mmoja. Ni hadithi ya chumba na ya mtu anayekaa ndani yake kutwa nzima, na yote nitakayowaeleza ni mambo yanayotokea kweli.

Ukienda ofisi ya halmashauri, ya mkoa, ya wizara au ya hospitali kubwa hapa Tanzania, fuata ukumbi mpaka ukione kibao kilichoandikwa MASIJALA. Mara nyingi chini yake pamebandikwa onyo kwamba asiyehusika haruhusiwi kuingia. Ndani kuna dirisha dogo la kupokelea barua, meza pana, na rafu zilizojaa majalada kuanzia sakafuni hadi karibu na dari. Anayefanya kazi humo watu wamezoea kumwita karani wa masijala. Serikalini huitwa pia mtunza kumbukumbu.

Wageni huupita mlango huo wakikimbilia ofisi za wakubwa. Hawajui kwamba mkubwa wanayemfuata hana la kuwajibu kabla hajaletewa jalada kutoka chumba hiki. Leo tuombe ruhusa, tuingie, tukae kando ya meza ya karani tumtazame.

Tuseme yuko mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Wenzake aliomaliza nao chuo wamekwisha kupandishwa daraja, yeye bado. Ameandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ameipitisha kwa mwalimu mkuu kama utaratibu unavyotaka, na leo asubuhi amepanda basi kuileta wilayani. Anamsalimu karani dirishani, anamkabidhi bahasha.

Karani anafungua, anasoma, kisha anagonga muhuri wa mapokezi wenye tarehe ya leo. Mwalimu amekuja na nakala yake, nayo inagongwa. Shikeni hilo vizuri: ukipeleka barua ofisini, nenda na nakala, nayo igongwe muhuri. Siku mtu akikwambia barua yako haijafika, au imefika ikiwa imechelewa, ile tarehe itajibu kwa niaba yako.

Baada ya muhuri karani anafungua daftari la barua zinazoingia. Anaandika tarehe, barua imetoka kwa nani, inahusu nini, na itakwenda jalada gani. Sasa inabidi alipate jalada lenyewe. Kila mtumishi ana jalada lake binafsi, lenye namba ambayo ofisini huitwa PF, kifupi cha Kiingereza cha jalada binafsi. Karani mzuri hatafuti kwa jina peke yake, maana majina yanafanana. Wilaya moja yaweza kuwa na walimu watatu wanaoitwa Juma Hamisi, na wawili kati yao wakawa wameajiriwa mwaka mmoja. Kwa hiyo analinganisha jina, namba ya jalada na cheki namba ya mwalimu, yaani namba yake ya mshahara, vyote vitatu. Kimoja kikipishana, anarudi kuuliza.

Sasa tazameni mikono yake. Anaitoboa barua kwa panchi. Anaipitisha kwenye tagi, upande wa kulia wa jalada, juu ya barua iliyotangulia. Anachukua kalamu nyekundu, anaandika namba kwenye kona ya juu na kuizungushia duara. Namba hiyo huitwa folio. Kama ya mwisho ilikuwa 30, barua ya mwalimu ni folio 31. Tangu dakika hiyo barua ile imeungana na wenzake kama ushanga kwenye uzi. Mtu akiichomoa folio 17 kwa siri, atakayefungua baadaye ataona 16 halafu 18, naye atauliza 17 imekwenda wapi. Kalamu nyekundu na namba ndogo, basi, lakini ndizo zinazomzuia mwizi wa karatasi.

Upande wa kushoto wa jalada kuna karatasi za madokezo. Hapo maofisa huzungumza kwa maandishi. Karani anaandika kwamba folio 31 ni barua ya mwalimu, na kwamba jalada linakwenda kwa afisa utumishi kwa hatua. Kabla halijatoka mlangoni, anaandika kwenye daftari la mwendo wa majalada: jalada namba fulani, limekwenda kwa nani, tarehe gani. Jalada lililotoka masijala bila kuandikwa limeanza safari ya kupotea.

Afisa utumishi anafungua, anasoma kuanzia folio ya kwanza. Barua ya ajira ipo. Barua ya kupangiwa kituo ipo. Barua ya kuthibitishwa kazini haipo. Namba za folio zimefuatana vizuri, hakuna iliyochomolewa. Maana yake barua hiyo haikuwahi kuingia humu. Anaandika dokezo, jalada linarudi masijala, na kazi inaanza.

Karani anakwenda kwenye madaftari ya zamani. Anashuka na kidole chake mstari kwa mstari. Hatimaye anaipata: barua ya kuthibitishwa iliandikwa, ikasainiwa, nakala yake ikaletwa masijala. Lakini mtu aliyekuwa zamu siku hiyo aliandika namba ya PF ya mwalimu mwingine mwenye jina hilohilo. Karani anavuta jalada la yule mwingine, anafungua, na barua ipo humo, imetobolewa vizuri na imewekewa folio, imekaa kimya miaka yote. Anairudisha mahali pake kwa utaratibu: anaandika dokezo katika majalada yote mawili, ili yeyote atakayekuja aelewe imetoka wapi na imeingizwa wapi.

Afisa anaagiza aletewe tena jalada baada ya wiki mbili. Karani anaandika agizo hilo kwenye daftari la kukumbushia, na siku ikifika analipeleka bila kuulizwa. Mwishowe mkurugenzi anasaini jibu. Juu ya barua pameandikwa Kumb. Na., ikifuatiwa na namba ya jalada na ya folio, na maneno yanayomwomba mwalimu aitaje namba hiyo atakapojibu. Watu wengi huziona namba hizo kama mapambo ya serikali. Ukiitaja namba hiyo kwenye barua yako ijayo, umemwonyesha karani rafu, jalada na ukurasa kwa mstari mmoja.

Mmeona, vijana? Hakuna aliyemchukia mwalimu yule. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Karatasi moja iliingia jalada lisilo lake, na mtu akakosa haki yake miaka kadhaa. Haki hiyo ilirudi kwa sababu karani mwingine alikuwa na subira ya kusoma daftari la zamani mstari kwa mstari. Ndiyo maana nasema kazi ya masijala ni kazi ya haki, sawa na ya mahakama.

Kazi hii ina majaribu mawili makubwa, nami sitawaficha.

La kwanza ni ulimi. Karani anajua nani ana kesi ya nidhamu, nani anaumwa nini, nani alioa lini na nani anakatwa mshahara kwa amri ya mahakama. Ndiyo sababu kuna masijala ya wazi na masijala ya siri, na majalada ya siri hufungiwa peke yake na hushikwa na wachache. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na mtumishi anayetoa siri za serikali hushtakiwa. Lakini hata pasipo sheria, fikirini jirani yenu anajua kila kitu kilichoandikwa kuhusu baba yenu na anakisema kijiweni. Karani anayejua mengi na kunyamaza ameuhifadhi utu wa watu.

La pili ni mkono. Mstaafu amekuja kufuatilia mafao, amechoka, nauli imemwishia. Anaambiwa, "Mzee, jalada lako halionekani, rudi wiki ijayo." Wiki ijayo halionekani tena. Siku anapotoa kitu kidogo, jalada linaonekana saa ileile. Hii ni rushwa, na ni rushwa mbaya sana, kwa sababu humwibia mtu kitu ambacho tayari ni chake. Kumficha mstaafu jalada lake ni kumficha miaka yake yote ya kazi. Anayeombwa hivyo aende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Na anayefanya hivyo ajue kwamba daftari la mwendo wa majalada nalo lina macho. Litasema jalada lilikuwa wapi siku ile.

Sasa niwasimulie jambo lililotokea Kenya, mpate kujua kwamba hata dola kubwa yaweza kuyaogopa majalada.

Miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau walipigania ardhi na uhuru. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitangaza hali ya hatari mwaka 1952, ikawafungia watu maelfu kwa maelfu kambini bila kuwafikisha mahakamani. Wengi walipigwa na kuteswa humo. Na kwa kuwa serikali huendeshwa kwa karatasi, mambo yaliandikwa: taarifa za kambi, barua za maofisa, malalamiko na majibu ya malalamiko. Yote yaliingia majaladani.

Uhuru ulipokaribia, watawala wakaanza kuwaza. Majalada haya yakibaki Nairobi, serikali mpya itayasoma. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, akaagiza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Masijala za kikoloni zikaanza kuyachambua majalada. Yale ya kukabidhiwa yakawekwa upande mmoja. Yale ya kufichwa yakagongwa muhuri wa herufi W.

Sikilizeni sharti lililowekwa: jalada lenye W lisishikwe na yeyote ila raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Makarani Waafrika wakafungiwa mlango. Maagizo yalieleza pia kwamba jalada la siri likiondolewa, litengenezwe jalada la bandia lenye kichwa kilekile liwekwe mahali pake, ili pengo lisionekane. Yaliyochomwa yalitakiwa yateketee mpaka yawe majivu, na majivu yenyewe yavurugwe. Ilielezwa hata namna ya kuzitosa nyaraka baharini: zitiwe ndani ya makasha mazito, zizamishwe kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani.

Oneni jinsi walivyohangaika, vijana. Watu waliokuwa na ndege na bunduki walikuwa wakiziogopa karatasi zilizotobolewa kwa panchi.

Mengine yakasafirishwa hadi Uingereza. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Serikali yake ikazidai nyaraka hizo baadaye, haikuzipata. Zilikuja kuwekwa Hanslope Park, eneo la serikali lenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Miaka ikaenda, walioteswa wakazeeka, na mashahidi wengi wakafa.

Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya wakaenda Mahakama Kuu ya London kuishtaki Serikali ya Uingereza. Miongoni mwao walikuwa Wambugu wa Nyingi, Paulo Muoka Nzili na mama mmoja, Jane Muthoni Mara. Wanahistoria waliokuwa wameyasoma majalada yaliyosalia Nairobi, katika Nyaraka za Taifa za Kenya, wakatoa ushahidi wa kuwaunga mkono. Kesi ikaendelea kubana, na mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ikakiri kwamba majalada yaliyofichwa yapo. Ya Kenya pekee yalikuwa takriban 1,500. Ukijumlisha na ya makoloni mengine, yalikuwa kama 8,800 kutoka nchi 37.

Upande wa serikali ulisema mambo haya ni ya zamani mno, haiwezekani kuyasikiliza kwa haki. Jaji Richard McCombe akaukataa utetezi huo mwezi Oktoba 2012. Aliona kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki, na sababu mojawapo ni hii: nyaraka ni nyingi mno, na watawala wa wakati ule walikuwa waangalifu katika kutunza kumbukumbu. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, akasimama bungeni, akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228.

Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita. Mzee husahau, shahidi hufariki, wakili huchoka. Folio yenye namba na tarehe hubaki ikisema neno lilelile.

Hapa kwetu nako kuna majalada yaliyopita katika misukosuko. Wajerumani waliotawala Tanganyika waliacha majalada mengi ya utawala wao. Walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza, sehemu ya majalada hayo ilifukiwa ardhini, ikaja kufukuliwa baada ya vita. Leo yamo katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Zanzibar nayo ina hazina yake Kilimani, ambako hati na vitabu vya Kiarabu viliingizwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2003.

Msidhani hazina hizo zilianza kama hazina. Zilianza kama barua za kawaida mezani: maombi ya shamba, hesabu za kodi, taarifa za mvua. Karani wa siku hizo hakujua ipi ingekuja kuwa ya thamani. Ndiyo maana Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na hakuna karani mwenye ruhusa ya kuchoma jalada kwa sababu tu rafu imejaa. Majalada yasiyotumika tena huchambuliwa kwa taratibu: mengine huhamishiwa kituo cha kumbukumbu, mengine hupelekwa Nyaraka za Taifa, mengine huteketezwa kwa idhini maalumu.

Karani ana maadui wengine pia, wasiojua sheria. Mchwa hupanda ukutani na kuingia rafu ya chini. Panya hupenda karatasi za kutandikia watoto wake. Mvua ikipata tundu kwenye bati, jalada la juu hulowa, wino ukatawanyika, na jina la mtu likawa doa. Masijala nzuri haiweki majalada sakafuni, hufagiliwa kila siku, na hakuna anayekula humo, kwa kuwa makombo ndiyo hualika mende na panya.

Mtaniuliza, "Je, kompyuta hazijaimaliza kazi hii?" La. Ofisi nyingi za serikali sasa zinatumia mfumo wa ofisi mtandao: barua inaskaniwa, inapewa namba, inapelekwa kwa afisa bila mtu kubeba jalada ukumbini. Ni jambo jema, linapunguza ile tabia ya kuficha majalada. Lakini anayechagua barua iingie jalada gani bado ni mtu. Kompyuta ikiambiwa kwamba Juma Hamisi huyu ndiye yule, itaamini, na itahifadhi kosa hilo vizuri sana. Bado anatakiwa mtu atakayelinganisha jina, namba ya jalada na cheki namba, vyote vitatu, na akiona kimoja kimepishana, arudi kuuliza.

Anayetaka kazi hii aanze kujizoeza mapema: mwandiko unaosomeka, mpangilio wa alfabeti na namba bila kubahatisha, na mdomo unaojua kufunga. Mafunzo yapo. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na kina kampasi Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Usiichukue kazi hii kama ya kujishikiza mpaka upate nyingine. Iingie ukiwa umeipenda, kwa kuwa maisha ya watu yatakuwa mikononi mwako, na wengi wao hutawaona hata siku moja.

Na usiyeitaka, una la kufanya leo hii nyumbani. Mwombe mama au baba mkae pamoja, mtafute cheti chako cha kuzaliwa, kadi yako ya kliniki, ripoti za shule, hati ya kiwanja au ya shamba kama ipo. Ziwekeni kwenye bahasha moja ngumu, andikeni juu yake orodha ya vilivyomo, na toeni nakala mziweke mahali pengine, kwa ndugu mnayemwamini. Ukienda ofisini, msalimu karani kwa heshima, dai muhuri kwenye nakala yako, taja Kumb. Na. kwenye barua yako. Na siku utakapopewa wewe ufunguo wa masijala, kila karatasi iweke mahali pake, na jalada la mtu usiliuze.